Namba ya Boksi na Haki ya Mnunuzi

Mada iliyotolewa na Tume ya Haki na Amani katika semina ya viongozi wa walei



Huenda baadhi yenu mlishangaa mlipoiona mada ya leo katika ratiba: uaminifu katika kutangaza vifaa vya gemu vya mkononi, hasa vile ambavyo prosesa zake zimezidishiwa kasi. Mmezoea kutusikia tukizungumzia mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane na mishahara ya watumishi wa nyumbani. Mambo hayo hatujayaacha. Lakini haki ya sokoni ni tawi la mti uleule, na safari hii kosa halikutendeka mbali. Lilitendeka katika uwanja wa kanisa letu, kwa mikono ya watu wetu, na sisi wa Tume tukiwa tumelipa baraka. Kwa hiyo tunaanza kwa kuungama, kisha tutafundisha.

1. Yaliyotupata

Vijana wetu walikuwa wakitafuta fedha za kuezeka upya ukumbi wao. Walinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini vifaa 12 vya gemu, vile vidogo vyenye kioo na vitufe ambavyo mtoto huvishika kwa mikono miwili, ili wavirejeshe sokoni kwa faida kidogo. Juu ya boksi palikuwa na maandishi makubwa kwamba prosesa ina kasi ya megahezi 1,200, na kwamba betri hudumu saa 6. Vijana wakachora bango zuri, wakainakili namba ile kwa wino mwekundu, wakalitundika karibu na lango baada ya Misa ya kwanza. Walituomba ruhusa, nasi tukawapa bila kuuliza swali hata moja. Kabla ya mwezi kwisha, vifaa 9 vilikuwa vimeuzwa.

Siku moja akaja ofisini kwetu mama mmoja anayeuza vitumbua, mkononi amekishika kifaa kilichofungwa katika kitambaa. Alikuwa amekinunua kwa akiba ya miezi kadhaa, kwa ajili ya mwanawe aliyefaulu mtihani. Kifaa kilikuwa kikipata moto mgongoni baada ya dakika chache, kisha picha inaganda. Mwanzoni alidhani mtoto amekiangusha. Akamkanya, mtoto akakana. Akamwadhibu kwa kukana. Baadaye akasikia kwamba cha jirani nacho huganda vilevile. Mama yule hakutudai fedha kwanza. Alisema, "Nilimwadhibu mtoto kwa kosa lisilo lake."

Tulimwita fundi wa simu, naye ni mwana jumuiya mwenzetu. Alikifungua kifaa, akasoma jina la prosesa, akatafuta maelezo ya kiwanda kilichoitengeneza. Kiwanda kiliipima prosesa ile kwa megahezi 1,000. Zile 200 za nyongeza ziliongezwa na aliyekiunganisha kifaa, ili boksi lisomeke vizuri kuliko maboksi ya jirani zake dukani. Fundi alipoishusha kasi hadi 1,000, kifaa kiliacha kuganda. Betri, ambayo kabla ya hapo haikufika saa 4, sasa ikadumu saa 5 hivi. Saa 6 za boksi hatukuzipata kwa namna yoyote.

2. Maana ya mapigo

Ili tuelewane, hatuna budi kusema machache kuhusu prosesa. Hiki ni kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za kifaa. Hufanya kazi kwa kufuata mapigo, kama wapiga makasia wanavyofuata ngoma. Megahezi 1 ni mapigo milioni 1 kwa sekunde. Prosesa ya megahezi 1,000 hupiga mara milioni 1,000 katika kila sekunde.

Vipande hivi hutengenezwa vingi kwa pamoja, lakini havitoki sawasawa. Vingine huvumilia kasi kubwa, vingine hushindwa mapema. Hivyo kiwanda huvipima, kisha hutaja kasi ambayo kila kilichopewa jina hilo kitaihimili, kwa joto na umeme uliokusudiwa. Hicho ndicho kiwango chake halali. Kuzidisha kasi ni kukilazimisha kipande kipige haraka kuliko kiwango hicho. Mara nyingi hakikubali bila kuongezewa msukumo wa umeme, yaani volteji.

Hapo ndipo gharama inapoingia. Umeme unaoliwa na prosesa inapofanya kazi huongezeka sambamba na kasi, na huongezeka tena kwa kipeo cha pili cha volteji. Tuseme kasi imepanda kwa asilimia 20 na volteji kwa asilimia 10. Zidisha 1.2 kwa 1.1, kisha tena kwa 1.1; jibu ni 1.45 na kidogo. Basi kwa asilimia 20 ya mbio, prosesa imekula umeme zaidi kwa asilimia 45. Umeme huo hugeuka joto, na joto hilo hukaa ndani ya kijisanduku kisicho na nafasi, mikononi mwa mtoto. Vifaa vingi vikizidiwa na joto hujipunguzia kasi vyenyewe. Basi ile namba ya boksi huonekana kwa dakika chache tu, halafu hutoweka. Visivyojipunguzia huganda au huzimika, na kadiri joto linavyozidi ndivyo betri inavyozeeka mapema.

3. Lumbesa ya prosesa

Wakulima miongoni mwenu wanaijua lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kilemba juu na kushonewa kamba, nalo huhesabiwa kuwa gunia moja. Katika lumbesa ya mazao, anayepunjwa ni mkulima anayeuza. Katika lumbesa ya prosesa, anayepunjwa ni mnunuzi: ameuziwa kile kilemba kana kwamba ni sehemu ya gunia, na kilemba chenyewe kinamwagika njiani.

Hata hivyo tusimhukumu asiye na kosa. Kuzidisha kasi si dhambi. Mwenye kifaa chake akitaka kukiongezea mapigo, akijua kwamba betri itapungua na kifaa kinaweza kuganda, hajamdhulumu mtu. Mwaka 2001 kampuni ya Game Park ya Korea Kusini ilitoa kifaa kiitwacho GP32, chenye prosesa ya megahezi 133. Wapenzi wake walizoea kukizidishia kasi, na waliambiana wazi kwamba si kila kifaa kitafika pale ambapo cha mwenzake kimefika. Huo ni uungwana: aliyethubutu alijua anachothubutu. Hata muuzaji anaweza kukiuza kifaa kilichozidishiwa kasi kwa haki, mradi aseme kiwango cha kiwanda ni kipi, yeye ameongeza kiasi gani, na nyongeza hiyo inagharimu nini. Kosa huanza pale nyongeza inapotangazwa na gharama yake inapofichwa.

4. Namba isiyo ya uongo, na bado inapotosha

Vijana wetu walijitetea kwa hoja ambayo hatuna budi kuiheshimu. Walisema, "Namba ilikuwa ya kweli. Prosesa ilikuwa ikipiga megahezi 1,200." Ni kweli, ilikuwa ikipiga. Basi je, tangazo lenye namba ya kweli linaweza kudanganya? Tutazame mifano miwili inayojulikana duniani.

Kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza kifaa cha PSP nchini mwake Desemba 2004. Katika maelezo yake ya kitaalamu iliandikwa kwamba prosesa yaweza kwenda kutoka megahezi 1 hadi 333. Lakini michezo iliyotengenezwa kwa ajili ya kifaa hicho iliruhusiwa kufika megahezi 222 tu, yaani theluthi mbili. Wapo waliotumia programu zisizo rasmi ili kuifikia 333, wakakiita kitendo hicho kuzidisha kasi, ingawa hawakuvuka uwezo ulioandikwa na mtengenezaji mwenyewe. Kizuizi kiliondolewa mwaka 2007 kwa toleo jipya la programu ya kifaa. Namba 333 haikuwa ya uongo. Ilieleza kile ambacho kipande kinaweza, wala haikueleza kile ambacho mnunuzi atapata jioni atakapocheza. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na mnunuzi wa kawaida hana njia ya kuyatenganisha.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 2013 waandishi wa jarida la teknolojia la AnandTech walichunguza aina mojawapo ya simu ya Galaxy S4 ya kampuni ya Samsung. Waliona kwamba kitengo cha picha kilipanda hadi megahezi 533 zilipofunguliwa programu fulani za kupima kasi. Katika michezo ya kawaida kilikomea megahezi 480. Tofauti ni kama asilimia 11. Siyo kubwa, lakini tazameni mahali ilipowekwa: simu ilikimbia mbele ya mpimaji, ikatembea mbele ya mwenye simu. Samsung ilikana kuwa imekosea. Kesi ilifunguliwa Marekani, na mwaka 2019 kampuni ilikubali kuimaliza kwa makubaliano yaliyotajwa kuwa ya thamani ya dola milioni 13.4, ambayo yaliwapa wamiliki waliostahili dola 10 kila mmoja, pasipo kampuni kukiri kosa.

Ndugu, mwenye duka anayeweka mizani sahihi siku ya mkaguzi na kuirudisha ya kupunja kesho yake, mizani yake ya leo haimtakasi. Kipimo cha haki ni kile kinachomkuta mnunuzi kila siku. Basi jibu letu kwa vijana lilikuwa hili: namba ni ya kweli iwapo mnunuzi akifika nayo nyumbani ataikuta. Kama ataikuta kwa dakika 5, halafu kifaa kigande, basi namba hiyo ni ya tangazo, si ya kifaa.

5. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Manabii wa Agano la Kale waliwakemea wafanyabiashara waliokipunguza kipimo na kuikuza bei. Nabii Amosi aliliweka kosa hilo pamoja na kuwakanyaga maskini. Hawakuliona kuwa jambo dogo la soko, kwa sababu anayeumizwa na mizani ya hila ni yule asiye na mizani yake nyumbani. Tajiri anaweza kupima upya, kurudisha, au kununua kingine. Mama wa vitumbua hana kipimo isipokuwa neno la muuzaji.

Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati kuhusu maadili katika matangazo tarehe 22 Februari 1997. Hati hiyo iliweka kanuni tatu: ukweli, heshima ya utu wa mwanadamu, na wajibu kwa jamii. Hati haikutaja prosesa, lakini kanuni zake zinatosha kwa bango letu. Ukweli: je, tumesema yote ambayo mnunuzi angehitaji ili aamue? Heshima ya utu: je, tumemchukulia mnunuzi kuwa mtu mwenye akili, au tumemrushia tarakimu kubwa ili asiulize? Wajibu kwa jamii: je, tumefikiri nini kitatokea katika nyumba ambayo kifaa chetu kitaingia? Katika nyumba moja, ndugu, mtoto alipigwa.

Kisha lipo jambo la tatu, nalo ni mafunzo tunayowapa vijana. Kasi si ubora wote. Kampuni ya Nintendo ilipotoa Game Boy mwaka 1989, prosesa yake ilikuwa ya megahezi 4 na kidogo tu. Hata hivyo, kikihesabiwa pamoja na ndugu yake wa rangi, Game Boy Color, kifaa hicho kiliuzwa kwa idadi iliyozidi milioni 118 duniani. Watu walipenda michezo yake, betri zake zilidumu, na kiliaminika. Tukiwazoesha watoto kwamba kitu ni bora kwa kuwa namba yake ni kubwa, tutakuwa tunawafundisha kununua namba.

6. Sheria inasemaje

Tusidhani kwamba tunadai hisani. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya katika biashara, nayo husimamiwa na Tume ya Ushindani. Ndugu zetu wa Kenya wamekwenda hadi ndani ya Katiba yao ya mwaka 2010: ibara ya 46 inataja haki za walaji, na inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na ya staha. Na kila mwaka tarehe 15 Machi dunia huadhimisha Siku ya Haki za Walaji, kwa kukumbuka hotuba ya Rais John F. Kennedy wa Marekani ya mwaka 1962, aliyezitaja haki za mnunuzi kuwa ni usalama, kuarifiwa, kuchagua na kusikilizwa. Haki ya kuarifiwa ndiyo iliyovunjwa na bango letu.

7. Tufanye nini

Kwanza, anayenunua aulize kabla ya kulipa. Mwenye duka asiyejua jibu si lazima awe mwongo, lakini asidai bei ya mtu anayejua. Maswali ni haya:

a) Kasi iliyoandikwa ni kiwango cha kiwanda cha prosesa, au imezidishwa?
b) Betri hudumu saa ngapi kwa kasi hiyohiyo, siyo kwa kasi ndogo?
c) Kifaa kikichezwa saa nzima mfululizo, kasi inabaki palepale?
d) Kasi ikizidishwa, dhamana ya kifaa bado ipo?
e) Kikiganda, nitarudishiwa fedha au nitabadilishiwa?

Pili, anayenunua adai risiti na alitunze boksi. Maandishi ya boksi ni ushahidi. Lalamiko lisilo na karatasi huishia mlangoni.

Tatu, anayeuza asinakili asichokijua. Hili linawahusu waamini wetu wengi wenye vibanda vya simu na redio. Kusema "mimi nimeikuta kwenye boksi" hakumwondolei mtu wajibu. Neno unalolirudia mbele ya mteja limekuwa neno lako.

Nne, wazazi wachunguze kabla ya kuadhibu. Kifaa kinachopata moto na kuganda huenda hakikuharibiwa na mtoto.

8. Tulivyomaliza

Mfanyabiashara aliyetuuzia alikataa kuvipokea vifaa. Tulikaa na vijana jioni mbili. Baadhi yao walisema tukirudisha fedha, ukumbi hautaezekwa kabla ya masika. Ilikuwa kweli, na haukuezekwa. Tuliwatangazia wanunuzi wote 9 baada ya Misa: anayetaka fedha zake atapewa, na anayetaka kubaki na kifaa, fundi atamshushia kasi bure na atarudishiwa sehemu ya bei. Watano walichukua fedha, wanne wakabaki na vifaa. Sehemu iliyokwisha kutumika tuliijazia kutoka mfuko wa Tume, kwa kuwa ruhusa ilitoka kwetu.

Mama wa vitumbua alikuwa mmoja wa wale wanne. Alisema kifaa kikae, maana mtoto amekipenda, na kwamba jambo lililobaki kati yake na mtoto atalimaliza mwenyewe.

Vifaa vilivyorudi, pamoja na vile 3 vilivyokuwa havijauzwa, vijana waliviandikia bango jipya. Halikuwa na wino mwekundu. Liliandikwa hivi: "Kasi ya kiwanda megahezi 1,000. Boksi linasema 1,200. Tumeishusha kwa sababu kilikuwa kikiganda. Betri saa 5 hivi. Bei imepunguzwa." Vilichukua muda mrefu kuuzwa, lakini vyote viliuzwa, na hakuna kilichorudi.

Ndugu viongozi, tunawaomba mlichukue neno hili katika jumuiya zenu, mkaanze nalo katika vibanda vyetu wenyewe kabla ya kuwanyooshea vidole wa mjini.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, umewahi kuuza au kusifia kitu kwa maneno ya boksi bila kukijua? Nini kilifuata?
2. Ni bidhaa zipi nyingine katika mtaa wetu zinazotangazwa kwa namba ambazo mnunuzi hawezi kuzipima?
3. Jumuiya yetu inaweza kumsaidiaje mwenzetu aliyedanganywa dukani, aweze kudai haki yake kwa amani?